Mwanafunzi wa Baba

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimetia saini karatasi ambayo sikutaka kuitia saini.

Bwana Jonathan, afisa ustawi wa jamii, alifika hapa nyumbani saa nne asubuhi na faili kwapani. Kumbe Baba alishajiandikisha kanisani kuwa mlezi wa kujitolea wa vijana wanaotoka shule ya maadilisho, wale waliohukumiwa wakiwa watoto. Hakuniambia. Amepangiwa msichana. Na kwa kuwa Mama alifariki miaka minne iliyopita, lazima awepo mwanamke mtu mzima ndani ya nyumba. Huyo ndiye mimi: Bernadeta Mayala, miaka ishirini na minne, diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, kazi sina.

Masharti ni mengi ila makubwa ni mawili. Msichana atakuwa chini ya uangalizi kwa miezi sita, asilale nje ya nyumba hii bila ruhusa. Akivunja sharti anaweza kurudishwa alikotoka. La pili, kosa lake ni siri. Bwana Jonathan alitusomea kwa sauti ya chini, mlango umefungwa.

Anaitwa Rebeka. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa dada wa kazi kwa mama mmoja mwalimu huko Sengerema. Siku ya mvua kubwa, baridi kali, aliingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto mchanga apate joto, akafunga dirisha. Wote wawili wakalala. Yeye aliamka hospitali. Mtoto hakuamka.

Baba alisema, "Naye alikuwa mtoto." Akatia saini. Mimi nikatia chini yake.

Jumatano, 9 Oktoba

Amekuja. Mfuko mmoja wa plastiki, nywele fupi, macho yanaangalia sakafu. "Shikamoo, dada." Amepewa kitanda kilichokuwa cha Mama wakati anaumwa, chumbani kwangu. Sikuulizwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Niliamka nikakuta uwanja umefagiwa, maji yamejaa pipa, na chai iko mezani. Baba akasema, "Unaona?" Aliniambia mimi, si yeye.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Imepiga bati mpaka mahubiri hayakusikika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Bwana Jonathan amemtafutia Rebeka nafasi kwa fundi cherehani hapa hapa Kirumba. Ataenda asubuhi, na mchana atapeleka chakula cha Baba karakanani. Chakula cha Baba nilikuwa napeleka mimi. Nimesema sawa. Ni jua tu na vumbi na harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni, nani anagombania?

Jumatatu, 21 Oktoba

Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Lazima niandike haya kabla sijalala nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipomwomba Baba anifundishe injini. Sijawahi kuandika hili mahali popote. Kila siku nilipotoka shule nilikuwa nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale karakanani, namwangalia akifungua injini za boti. Alikuwa akiivua ile mifuniko, akizipanga plagi na skrubu juu ya gunia kwa mpangilio, na mashine iliyokuja imekufa inaondoka inanguruma. Niliona kama miujiza. Siku moja nikasema, "Baba, nifundishe." Hakusimamisha hata mkono. "Hii si kazi ya mtoto wa kike. Wewe utakaa ofisini, mikono yako iwe misafi." Nikainuka juu ya ile ndoo na sikukaa tena. Nikaenda kusoma. Mikono yangu ni misafi mpaka leo, na ofisi sijaiona.

Leo nimepita karakanani kumpelekea Baba dawa yake ya presha. Nimemkuta Rebeka amevaa ovaroli la Baba la zamani, lile la bluu, amelikunja miguu, amelipunguza kiunoni kwa uzi wa yule fundi cherehani. Amepiga magoti mbele ya injini. Baba amechuchumaa pembeni yake na anasema, "Usilazimishe. Isikilize kwanza. Hapo. Umesikia? Sasa zungusha."

Akazungusha. Ikaachia.

"Haya! Ng'wanawane!" Baba akasema.

Mwanangu. Kisukuma cha Baba hutoka akiwa na furaha au msiba. Hilo neno nililisikia mara ya mwisho siku ya kumzika Mama.

Nimeacha dawa juu ya meza nikaondoka. Hakuna aliyeniona nikija wala nikitoka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemuuliza Baba vipi kuhusu cherehani. Kasema amezungumza na Bwana Jonathan, wamekubaliana: asubuhi cherehani, jioni injini. "Anaipenda," akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Sikumuuliza lile lingine.

Jumanne, 29 Oktoba

Mezani siku hizi ni kabureta, pistoni, pampu ya maji. Wanachora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Nikiuliza kitu Baba ananijibu kwa upole, kama anayemjibu mgeni aliyepotea njia.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Rebeka hakwenda kanisani. Amekaa kitandani amejifunika, na nilipotaka kufunga dirisha kwa sababu matone yanaingia, aliruka akashika mkono wangu. "Dada, tafadhali. Liache wazi kidogo." Maji yakalowanisha daftari zangu. Nikaliacha. Nilikasirika, na baadaye nilipokumbuka kwa nini, nikakasirika zaidi, kwa sababu sasa hata kukasirika siruhusiwi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeitwa usaili wa kazi, halmashauri. Nafasi mbili, tulikuwa watu mia na kumi.

Ijumaa, 8 Novemba

Sikupata.

Baba alisema pole sana mwanangu, akaniuliza wameuliza maswali gani, na nilikuwa nimeanza kumweleza wakati Rebeka alipoingia ameshika kipande cha chuma kilichovunjika. "Fundi, nimejua kwa nini inazimika!" Baba akageuka kwenye kiti. Akageuka mwili mzima. Nimebaki na sentensi yangu mdomoni.

Jumanne, 12 Novemba

Leo wamekwenda ziwani kujaribu injini ya Mashimba, mwenye maboti ya uvuvi. Nilisimama juu ya jiwe kule nyuma ya soko nikawaona. Rebeka ndiye aliyeshika usukani wa injini. Walikata kona kubwa kuelekea upande wa Kamanga, kisha wakarudi, na hata kutoka kule juu niliona Baba anacheka. Mimi sijawahi kupandishwa boti la majaribio. Nikiwa mdogo Mama alikataa, nilipokua hakuna aliyekumbuka.

Nimemwangalia yule msichana na nimemtakia injini izime. Nimeandika. Ndivyo nilivyo leo.

Jumamosi, 16 Novemba

Sina pa kuanzia. Naanza na chakula.

Rebeka alikuwa na homa kidogo lakini alikwenda moja kwa moja karakanani, kwa hiyo chakula nilipeleka mimi. Nilifika na hotpoti mkononi. Mashimba alikuwepo, amekuja kuchukua injini yake, amefurahi, tumbo mbele. Alimpiga Baba begani huku akimwonyesha Rebeka. "Fundi Mayala, huyu binti yako ana mkono! Damu yako hii, haijifichi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Mashimba ananijua tangu nikiwa mtoto, ila hakunitazama. Na Baba, ambaye angeweza kusema neno moja tu, "binti yangu ni huyu hapa," au "huyu ni mwanafunzi," alitabasamu. "Anajitahidi," akasema.

Basi.

Niliweka hotpoti chini nikaenda moja kwa moja saluni kwa Wilhelmina. Ni rafiki yangu tangu darasa la tano. Nilikaa kwenye kiti, akaanza kunifumua nywele, akaniuliza, "Huyo dada wa kwenu wa ovaroli ni ndugu yenu wa wapi?"

Nilijua karatasi. Nilijua saini yangu iko wapi, chini ya ya Baba. Nilifungua mdomo nikiwa najua.

Nikasema, "Si ndugu. Katoka kifungoni. Aliua mtoto."

Maneno mawili ya mwisho, hayo tu. Sikusema jiko. Sikusema mvua, wala miaka kumi na minne, wala kwamba naye alikaribia kufa. Wilhelmina mikono yake ilisimama kichwani kwangu. Kulikuwa na wanawake wengine wawili wanasubiri.

Nikasema, "Lakini isitoke hapa." Nikajisikia vizuri kama mtu aliyekunywa maji baridi. Hiyo raha iliisha kabla sijafika nyumbani.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani niliomba isitoke.

Jumanne, 19 Novemba

Imetoka.

Bombani asubuhi mama mmoja alimvuta mtoto wake kwa nguvu Rebeka alipokaribia, mpaka ndoo ikamwagika. Fundi cherehani amemwambia asirudi, wateja wamelalamika. Mchana Mashimba, yule wa "damu yako", amewaleta vijana wake wachukue injini ya pili hata kabla haijamalizwa. Alimwambia Baba, "Mzee wangu, mimi nina wajukuu."

Baba alikaa mezani jioni, mikono bado ina grisi, hakunawa. "Nani amesema? Watu waliokuwa wanajua ni wanne." Akahesabu kwa vidole: yeye, mimi, Bwana Jonathan, na Rebeka mwenyewe. Alipofika kwangu hakusita hata kidogo, aliruka kidole changu kama kisichohusika. "Itakuwa wamezembea na mafaili kule ofisini," akasema.

Nikanyamaza. Rebeka alikuwa anaosha vyombo. Aliinua macho akanitazama, mara ya kwanza tangu aje akanitazama usoni kwa muda mrefu hivyo. Kisha akarudi kwenye sufuria.

Anajua.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Hatukuongea. Dirisha lilikuwa wazi.

Alhamisi, 21 Novemba

Niliporudi kutoka sokoni saa tisa Rebeka hakuwepo. Kitanda kimetandikwa, ovaroli limekunjwa juu yake. Mfuko wa plastiki haupo.

Baba amezunguka Kirumba yote kwa miguu, mvua inanyesha, mzee wa miaka sitini na mbili mwenye presha. Amerudi amelowa. Amekaa kwenye kiti cha mlangoni, hakukubali kubadili nguo.

Ijumaa, 22 Novemba

Bwana Jonathan amekuja. Si mtu mkali. Amesema, "Mzee, mimi natakiwa kuandika kwamba ametoroka. Nikiandika, polisi watamtafuta, na hakimu ataamua kama anarudishwa. Naweza kuchelewesha hadi Jumatatu asubuhi. Zaidi ya hapo kazi yangu inaondoka."

Baba akasema, "Nimeshindwa kumtunza."

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Baba alikuwa ameshika lile ovaroli mapajani, na nikaona wivu. Hata hapo! Msichana hajulikani alipo, kosa ni langu, na mimi naona wivu kwa sababu ya namna alivyolishika.

Kisha nikafikiri kama mtu aliyesomea kumbukumbu. Faili lilisema Sengerema. Hana ndugu Mwanza. Mtu anayetaka kupotea angekwenda mbali, lakini Rebeka si mtu wa kukimbia, ni mtu wa kurudi kwenye kitu mpaka kifunguke. Nimemwona akifanya hivyo na bolti zilizoshika kutu.

Kesho napanda kivuko cha Kamanga, njia ya Sengerema.

Jumamosi, 23 Novemba

Nitaandika yote, hata kama daftari litaisha.

Kivuko cha saa mbili. Ziwa lilikuwa la kijivu, limetulia. Upande wa pili, pale Kamanga magari yanaposhukia, nikaanza kuuliza wauza samaki: msichana mwembamba, nywele fupi. Mama wa tatu akanionyesha kwa mwiko. Rebeka alikuwa nyuma ya kibanda, anaparua sato. Alikuwa pale tangu Alhamisi. Anasaidia kazi, analala ndani na binti wa yule mama.

Hakushtuka. "Nilidhani atakuja Fundi," akasema.

"Hajui kama niko hapa."

"Amekunywa dawa?"

Sikuwa nimetarajia swali hilo. Nikasema amekunywa, na nikakaa kwenye jiwe.

"Rebeka, ni mimi niliyesema. Saluni, kwa Wilhelmina. Si ofisi."

"Najua."

"Nilisema umeua mtoto. Sikusema ilivyokuwa."

Kisu kilisimama. Akamgeuza samaki, akaanza upande wa pili. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, na hilo liliniuma kuliko kama angepiga kelele.

"Kwa nini, dada? Nilikukosea nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, nimeyapanga tangu Oktoba. Yote yalikuwa ya kitoto. Nikasema lililo kweli: "Baba anakufundisha. Mimi alinikatalia."

Akanitazama kama mtu anayesikiliza injini. "Hicho tu?"

"Hicho tu."

"Ungeniambia. Ningehama kwenye kile kitanda. Ningeacha." Magamba yalikuwa yamemjaa mikononi. "Mimi sina mtu, dada. Wewe una baba. Mimi nilikuwa naazima tu."

Nililia. Yeye hakulia. Alinisubiri nimalize, kisha akaniambia kwa nini alikuja. Alitaka kwenda kwa Mwalimu Sabina, mama wa yule mtoto. Miaka mitatu alikuwa anaahidi moyoni kwamba akitoka ataenda. Siku watu wa Kirumba walipoanza kuvuta watoto wao, akasema bora aende kwa mwenye haki ya kumvuta. Alifika Kamanga na miguu ikagoma. Siku mbili mabasi ya Sengerema yanampita.

"Nitakwenda na wewe," nikasema.

"Sikukuomba."

"Najua."

Alinawa mikono mara mbili, akamwaga mkaa wa yule mama kwenye sinia la bati na kuuzima kwa maji, akahakikisha hautoi moshi. Tukapanda basi la Sengerema.

Nyumba ya Mwalimu Sabina ina ukuta wa njano na mchongoma mbele. Alikuwa uani anaanika nguo, mtoto wa mwaka mmoja hivi mgongoni. Mtoto mwingine. Rebeka alimwona yule mtoto na akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Nadhani angegeuka, ila Mwalimu Sabina alishatuona. Alituangalia kama watu wanavyoangalia wageni, kisha uso wake ukabadilika. Kibanio cha nguo kilikuwa mdomoni. Akakitoa.

"Umekua," akasema.

Rebeka akapiga magoti pale pale kwenye tope. "Shikamoo, mwalimu." Hakuweza kuendelea. Alikuwa amejifunza maneno, aliniambia baadaye, alikuwa nayo yote, yakapotea.

Mwalimu Sabina hakuitikia. Alimfungua mtoto mgongoni akamshika kifuani kwa mikono miwili. Jirani alichungulia akaondoka. Mvua ilikuwa imeanza, ndogo, na nguo zilizoanikwa zilikuwa zinalowa tena.

"Dirisha lile nilikuwa nalifunga mimi mwenyewe kila mvua ikinyesha," akasema mwishowe. "Kila siku nalifikiria hilo." Akamsogeza mtoto begani. "Umefanya vizuri kuja. Usirudi tena hapa. Siwezi. Lakini umefanya vizuri."

Akaingia ndani na mtoto. Mlango aliufunga taratibu.

Rebeka aliendelea kupiga magoti. Nilimwinua. Nilianua zile nguo na kuziweka barazani chini ya bati, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Kwenye kivuko cha kurudi alilala, kichwa chake begani kwangu. Sijui kama alijua ni bega la nani.

Tulifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Baba alisimama. Alimshika Rebeka kichwa kwa mikono yote miwili. Nikasubiri amwachie. Kisha nikasema, "Baba, kile kidole ulichokiruka ni changu. Ni mimi niliyesema."

Akaenda chumbani kwake. Chakula hakula.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimekwenda na Rebeka ofisini kwa Bwana Jonathan kabla hajakaa. Nikamweleza kila kitu, tangu saluni. Akaandika. Mara mbili aliuliza, "Una uhakika unataka niandike hivi?" Nikasema ndiyo, andika ameondoka kwa sababu ya makosa ya mlezi, andika jina langu.

Ameandika. Rebeka harudishwi. Lakini nyumba yetu imefutwa kwenye orodha, na Kirumba haiwezi kuwa makazi yake tena. Baba anamfahamu fundi mwenzake huko Busisi, Mzee Ngosha, ana mke na nyumba kubwa. Watamchukua wiki ijayo.

Jumanne, 3 Desemba

Ameondoka. Baba amempa ovaroli na seti ya spana, zile alizonunua alipokuwa kijana. Niliona. Iliniuma, nikabeba mfuko wake mpaka stendi.

Pale stendi nikamwomba msamaha tena. Akasema, "Bado, dada." Akapanda gari.

Jumapili, 8 Desemba

Tangu Rebeka aondoke, siku tano sasa, Baba ananiongelesha kwa salamu tu. Leo baada ya ibada alikaa nami uani. Nikamuuliza hatimaye, miaka kumi na moja baadaye. Kwa nini yeye, kwa nini si mimi?

"Unafikiri nilimkubalia?" akasema. "Alipoleta chakula siku ya kwanza akaniomba. Nikamkatalia kwa maneno yale yale niliyokukatalia wewe. Kesho yake akaniomba tena. Nikamfukuza. Siku ya tatu nikamkaripia mpaka nikaona aibu. Siku ya nne hakuomba, alichukua spana akaanza kufungua." Akasugua magoti yake. "Wewe uliinuka juu ya ndoo. Nikasema, basi, alikuwa anacheza tu. Nikafurahi, kusema kweli. Nilitaka uwe mtu wa meza na kalamu. Mama yako alikuwa ananiambia nakosea. Nilikosea, Bernadeta. Lakini hilo si kosa la yule mtoto."

"Hapana."

"Ulimtupa nje ya nyumba kwa maneno mawili."

"Ndiyo, Baba."

Hakunisamehe kwa mdomo. Kuku walikuwa wanapekua miguuni petu. Nikasema, "Nifundishe." Akaendelea kuwatazama kuku kana kwamba hajasikia. Nikasema tena.

"Saa moja asubuhi," akajibu. "Ukichelewa nitaanza bila wewe."

Alhamisi, 12 Desemba

Sina mkono. Nimevunja plagi mbili na ngozi ya vidole imetoka. Baba anasema usilazimishe, na mimi nalazimisha. Anachoka haraka na mimi. Hasemi, lakini namwona anatazama mlangoni.

Jumatano, 18 Desemba

Nimefungua kabureta nikairudisha. Haikuwaka.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wateja wengi hawajarudi. Nimewazungukia wanawake wa saluni mmoja mmoja wiki hii nikawaeleza ilivyokuwa: jiko, mvua, miaka kumi na minne. Wilhelmina alilia. Mmoja aliniuliza nanufaika nini kumtetea. Mashimba naye nilimfuata; alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiria.

Jumatatu, 30 Desemba

Imewaka. Ya kwanza. Baba akatikisa kichwa, akasema, "Safi." Hakusema Kisukuma.

Jumamosi, 4 Januari

Vuli imeisha. Siku ya nne hakuna tone, bati limekuwa kimya.

Saa tano hivi simu ya Baba iliita, iko juu ya benchi karibu yangu. Yeye alikuwa nje, chini ya injini ya mteja mpya. Nikapokea.

"Shikamoo, dada. Baba yupo?"

Akiwa hapa alikuwa anamwita Fundi. Sasa ni Baba. Mzee Ngosha amempa injini nzima aifanye peke yake, aliniambia haraka haraka, ya boti la abiria, na imewaka kwa mvuto wa kwanza wa kamba; anataka kumweleza. Nyuma yake nilisikia watu wanacheka na mashine inanguruma. Yangu ya kwanza iliwaka kwa mvuto wa kumi na saba.

Nilisimama na simu. Ingekuwa rahisi sana. Hayupo, mdogo wangu, piga baadaye. Wivu ulinipanda kama ulivyokuwa unapanda Oktoba, haukuwa umepungua hata kidogo.

"Subiri," nikasema. "Hongera, Rebeka."

"Asante, dada Deta." Hajawahi kuniita hivyo.

Nikatoka nje. "Baba, njoo. Ni Rebeka, ameiwasha."

Alitoka chini ya injini haraka mpaka nikaogopa presha. Alifuta mikono kwenye suruali, akashika simu kwa mikono miwili. "Ng'wanawane! Haya, nieleze. Ulianza wapi?" Akaketi chini, mgongo ukutani, amefumba macho apate kusikia vizuri.

Mteja aliuliza kama kazi imesimama. Nikamwambia hapana. Nikajilaza chini ya injini yake, pale pale Baba alipokuwa, na nikatafuta bolti aliyokuwa anaifungua.